Mtoto Aliyekawia Hekaluni

Kanisa la Burundi lilianzishwa na watoto waliowakatalia wazazi wao. Nauweka ukweli huu mwanzoni mwa sura inayohusu utii, kwa sababu mahubiri mengi kuhusu jambo hili huanza katikati ya hadithi, pale ambapo baba ameshakuwa Mkristo, mama ameshabatizwa, na amri ya kuwaheshimu wazazi inasomwa kana kwamba nyumba nzima imekuwa ikielekea kanisani tangu enzi na enzi. Haikuwa hivyo.

Wamisionari wa Afrika, wale ambao wengi huwaita Mapadri Weupe, walifika Rumonge kwenye ufuo wa Tanganyika mwaka 1879, na miaka 2 baadaye watatu kati yao wakauawa. Walirudi kwa njia nyingine, kutoka mashariki, wakafungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, kisha Mugera mwaka 1899, katika eneo la Gitega. Mugera ndiyo inayokumbukwa zaidi leo. Kila tarehe 15 Agosti mahujaji huikwea njia ya kwenda kwa Bikira Maria, wengine wakiwa wametembea siku nzima, akina mama wakiwa na watoto mgongoni na chupa za maji ya kubarikiwa mikononi.

Waliofika pale mwanzoni kujifunza dini walikuwa kwa sehemu kubwa vijana na watu wasio na cheo. Mzee mwenye ng'ombe na heshima mlimani alikuwa na mengi ya kupoteza. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alikuwa ameagiza kwamba ukatekumeni uchukue miaka 4, na katika miaka hiyo 4 kijana alilazimika kuchagua tena na tena mbele ya watu wa nyumbani kwake. Familia ya Kirundi ilikuwa na ibada yake, kubandwa, ambayo kwayo watu walimwendea roho Kiranga ili awaombee heri kwa Imana, yaani Mungu. Ibada hiyo ilifanyika katika rugo, uani kwa baba, ndugu wakiwa pamoja. Haikuwa rahisi kwa mmoja kukaa pembeni na kusema kwamba yeye hayumo. Akikaa pembeni, ugonjwa wa mdogo wake utakuwa juu yake, na mvua isiponyesha watamwangalia yeye. Misheni ilikataza kubandwa kabisa. Kwa hiyo mkatekumeni wa Mugera alikuwa, machoni pa baba yake, mtoto aliyeigawa nyumba.

Miaka ya 1930 ubatizo ulienea kwa kasi ambayo hata wamisionari wenyewe waliistaajabia. Machifu walibatizwa, na raia wao wakafuata. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, mambo yakageuka: aliyemkatalia baba yake kwa ajili ya Kristo alikuwa sasa baba mwenyewe, na watoto wake wakafundishwa na katekista kwamba kumtii yeye ni kumtii Mungu. Wakatoliki wanaihesabu amri hiyo kuwa ya 4, Waprotestanti wengi ya 5, lakini wote waliifundisha kwa mkazo uleule. Jambo lililosahaulika ni kwamba aliyekuwa akiipokea heshima hiyo aliwahi kusimama uani kwa baba yake na kusema hapana.

Nadhani kusahau huko kumetugharimu sana.

Injili ya Luka ina kisa kimoja ambacho kila Mkatoliki wa Gitega na Muyinga anakijua, kwa kuwa ni fumbo la 5 la furaha katika rozari. Yesu ana miaka 12. Wazazi wake wamemaliza sikukuu Yerusalemu, wamekwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yumo katika msafara, kumbe amebaki. Wanamtafuta siku 3. Wanapomkuta hekaluni katikati ya walimu, mama yake anamuuliza kwa uchungu kwa nini amewatenda hivyo, naye anajibu kwamba iliwapasa kujua kuwa angekuwa katika mambo ya Baba yake. Luka anaandika wazi kwamba hawakulielewa jibu hilo. Kisha anaongeza kwamba Yesu alishuka nao mpaka Nazareti, akawa anawatii.

Mahubiri yetu hupenda nusu ya pili ya kisa: alishuka, akatii, na ninyi watoto fanyeni vivyo hivyo. Nusu ya kwanza huachwa kama jambo la pekee la Mwana wa Mungu lisilotuhusu. Lakini Luka ameziweka pamoja. Mtoto yuleyule aliyekawia hekaluni bila ruhusa ndiye aliyeshuka na kutii. Utii wake wa Nazareti ulikuwa na uzito kwa sababu ulitoka kwa mtu aliyekwisha kujua ni wa nani kwanza. Na Mariamu hakumkemea baada ya jibu, wala hakujifanya ameelewa. Aliyaweka yote moyoni, ndivyo Luka asemavyo, na mtoto akaendelea kukua mbele yake.

Mrundi mmoja alilitafakari jambo hili kwa undani kuliko wengi, na maisha yake yamezifunga Gitega na Muyinga pamoja kwa namna ya kusikitisha. Padri Michel Kayoya alizaliwa Kibumbu mwaka 1934, katika nyanda za juu za kati. Alisoma seminari, akaendelea na masomo Ulaya, akarudi nyumbani kuwafundisha vijana, na baadaye akahudumu katika jimbo la Muyinga. Mwaka 1968, mwaka uleule ambao jimbo hilo la Muyinga liliundwa, alitoa kitabu kwa Kifaransa kuhusu nyayo za baba yake. Tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa Nairobi mwaka 1973. Si riwaya wala si katekisimu. Ni tafakari ya kijana msomi anayerudi kumtazama baba yake upya, mtu wa kilimani, na kugundua kwamba alichokitafuta katika vitabu vya wageni, heshima ya mtu, neno la kutegemewa, udugu, ukarimu, alikuwa amekwisha kukipokea nyumbani akiwa mdogo. Kuna mahali anapokumbuka mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yaligawana Afrika, na kinachomuuma ni kwamba yalifanya hivyo bila kuwauliza Waafrika wenyewe.

Ninaona katika kitabu hicho kizazi cha pili kikitengeneza kile ambacho kizazi cha kwanza kililazimika kukivunja. Wakatekumeni wa Mugera walimwacha baba ili wamfuate Kristo. Kayoya, padri, alimfuata Kristo na njiani akamkuta baba. Hakumrudia kwa woga wa laana, wala kwa kutaka shamba. Alimrudia kwa shukrani, akiwa na uwezo wa kupambanua: hiki cha baba ni cha Mungu nitakishika, hiki sicho nitakiacha. Uwezo huo wa kupambanua ndio ninaouita utii wa mtu mzima.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi Wahutu walishambulia kusini mwa nchi, wakaua Watutsi wengi. Jibu la serikali ya Rais Michel Micombero halikuishia kwa waasi. Kuanzia Mei walikamatwa Wahutu waliosoma, nchi nzima: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi, wachungaji, mapadri. Makadirio ya waliouawa yanaanzia 100,000 na kupanda hadi 300,000. Warundi wanakiita kipindi hicho Ikiza. Padri Kayoya alikuwa mmoja wa waliokamatwa. Aliuawa Gitega tarehe 17 Mei 1972, akiwa na umri wa miaka 37. Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja katika mkoa wa Karuzi, upande wa mto Ruvubu, si mbali na Gitega, ikapata mabaki ya watu zaidi ya 6,000.

Katika simulizi za mwaka ule kuna jambo linalorudi kila mara. Wengi hawakukamatwa kwa kukimbizwa porini. Waliitwa. Karatasi ilikuja, au askari, au mwenzao wa kazini: fika ofisini, unahitajika. Nao wakaenda. Mwalimu alivaa koti lake akaenda, kwa kuwa amefundishwa tangu utotoni kwamba mkubwa akiita unaitika. Kiswahili kina methali ambayo kila mzazi ameitumia, ya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwaka 1972 waliolisikia la mkuu ndio waliovunjika. Na upande wa pili wa karatasi ile walikuwapo watu wengine watiifu pia: aliyeandika majina, aliyeendesha lori, aliyefungua mlango wa gereza, aliyeambiwa apige akapiga. Nao walikuwa wamebatizwa. Nao walikuwa watoto wa mama waliofundishwa kuwaheshimu wakubwa.

Simlaumu aliyeitwa akaenda, hata kidogo. Ninachouliza kinawahusu wale wa upande wa pili: ni nani aliyemlea mtu akamfundisha kusema ndiyo kwa kila mwenye sauti nzito, na hakumfundisha siku hata moja namna ya kusema hapana?

Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, jambo hilo lilijirudia likiwa limegeuzwa upande. Kibimba, magharibi ya Gitega, ni misheni ya Marafiki, wale Wakweka waliofika kutoka Marekani mwaka 1934 wakiwa na imani ya kutoshika silaha kabisa. Walijenga shule na hospitali. Hapo hapo Kibimba, wanafunzi Watutsi wa shule ile walikusanywa na kuchomwa moto katika jengo la kituo cha mafuta kando ya barabara. Waliofanya hivyo walikuwa majirani, na baadhi yao walikuwa watu wazima ambao watoto wale walitakiwa kuwaamkia kwa kuinama.

Na kuna waliokataa. Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega alikuwa Mtutsi, na aliwakemea wauaji wa kila upande bila kuangalia kabila lake. Julai 1996 zaidi ya Watutsi 300 waliokuwa wamekimbilia kambi ya Bugendana, katika jimbo lake, waliuawa, naye akasimama katika mazishi kukemea tendo lile. Tarehe 9 Septemba 1996 aliviziwa barabarani akauawa. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Aprili 1997, waasi waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kusini, wakawaamuru wavulana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wavulana walikataa kutengana. Waliuawa 40.

Huwa nafikiria wazazi wa wavulana wale wa Buta. Kila mmoja wao alikuwa ametoka katika nyumba yenye kaburi lake, la 1972 au la 1993, na hakuna shaka kwamba katika baadhi ya nyumba hizo yalisemwa maneno ya uchungu juu ya watu wa kabila la pili. Mtoto anayatii pia maneno yasiyo amri. Anatii anachokisikia baba akisema kwa sauti ya chini usiku. Ili wavulana wale washikane mikono, ilibidi wengine wao wawe wamekwisha kuyakataa maneno ya nyumbani. Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walianzisha mchakato wa kuwatangaza wenyeheri vijana hao, Padri Kayoya, na Wakristo wengine waliouawa katika misukosuko hiyo. Kanisa linapomtazama mtu kwa nia ya kumweka altareni, linasema kwamba huyu ni mfano kwa watoto wetu. Basi tukubali mfano wote: ni mfano wa vijana walioamriwa na mkubwa mwenye bunduki na hawakutii.

Paulo, anapowaandikia Waefeso, anawataka watoto wawatii wazazi wao katika Bwana, na hapo hapo anawageukia baba na kuwakataza wasiwachokoze watoto wao mpaka wakakasirika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2217, inasema jambo ambalo ningependa lisomwe katika kila jumuiya ndogo ndogo: mtoto akiwa na hakika katika dhamiri kwamba agizo fulani ni ovu, asilitende. Inasema pia kwamba utii huisha mtoto anapokuwa mtu mzima na kujitegemea, lakini heshima haiishi kamwe. Wengi wetu tumeyachanganya hayo mawili. Tunamdai mtu wa miaka 35, mwenye mke na watoto, utii wa mtoto wa miaka 7, kisha tukiukosa tunasema amekosa heshima.

Katika milima ya leo mambo haya hayaji na bunduki, namshukuru Mungu. Yanakuja na shamba, mahari na maombi ya usiku.

Shamba ndilo kubwa. Burundi ina kilomita za mraba 27,834 na watu zaidi ya milioni 12, wengi wao wakiishi kwa jembe. Itongo, ile ardhi ya ukoo, hugawanywa na baba kwa wanawe, na kila kizazi kipande kinapungua. Kijana wa Muyinga anayetaka kuoa anahitaji mahali pa kujenga, na mahali hapo pako mkononi mwa baba. Ndiyo maana katika nyumba nyingi utii wa mwana una kikomo kinachojulikana, siku ya kukatiwa kipande chake. Kabla ya siku hiyo anaamka mapema, anamletea baba pombe ya mtama, anampa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigusa kiwiko kama adabu inavyotaka. Baada ya hapo, au baba akimpendelea mtoto wa mke mwingine, wanakutana mahakamani. Mashauri ya ardhi ndiyo yanayojaza mahakama za Burundi, na mengi kati yake ni ya watu waliozaliwa katika nyumba moja.

Sitaki kumhukumu kijana huyo kirahisi. Lakini baba anayeishikilia ardhi ili atiiwe anapaswa kujua anachokinunua. Yesu alisimulia habari za mtu mwenye wana wawili aliowatuma shambani. Mmoja akasema hataki, kisha akajuta akaenda. Wa pili akasema ndiyo, bwana, na hakwenda. Sijui mahali ambapo mfano huo unafaa kusomwa kuliko katika nchi yenye adabu kama Burundi, ambako mtoto aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia baba yake hapana usoni. Ndiyo zetu ni nyingi na nzuri. Mzazi Mkristo angepata faida kubwa kama angemwachia mwanawe nafasi ya kusema hataki, akaona kitakachofuata.

Vita vilivyofuata mauaji ya 1993 viliwahi kuonyesha kinachotokea pale ardhi inapoondoka kabisa. Watu wa Muyinga waliokimbia kupitia mpaka wa Kobero waliingia Ngara, Tanzania, na maelfu kwa maelfu wakaishi kambi ya Lukole. Mtafiti wa Denmark, Simon Turner, alikaa nao mwishoni mwa miaka ya 1990, na katika mambo aliyoyaandika ni malalamiko ya wanaume kwamba wake zao wanaliona shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kuwa mume bora kuliko wao. Mahindi na mafuta yalitoka huko, hata karatasi ya plastiki ya kuezekea. Baba asiye na itongo wala ng'ombe hakuwa na cha kumpa mwana wala cha kumnyima. Katika hali hiyo ndipo ilipojulikana ni nani aliyekuwa akisikilizwa kwa sababu ya mali, na ni nani aliyesikilizwa kwa sababu nyingine. Wako waliorudi kutoka Tanzania wakiwa na watoto wanaozungumza Kiswahili kuliko Kirundi, na bado watoto hao wanamsikiliza mzee wao aliyekuwa akisali nao kila jioni chini ya plastiki ile.

Kuhusu ndoa nitasema kwa ufupi, kwani hapa sheria na Kanisa vinakubaliana kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya watu na familia ya mwaka 1993 inataka mwanamume awe na miaka 21 na mwanamke 18. Katiba inataka ridhaa huru ya wote wawili. Sheria ya Kanisa Katoliki inasema ridhaa ya wanaooana haiwezi kutolewa na mtu mwingine yeyote badala yao, na ndoa iliyofungwa kwa shinikizo la woga mkubwa ni batili. Kwa hiyo baba anayemwoza binti kwa nguvu kisha akaleta amri ya Mungu kumnyamazisha, anaitumia amri hiyo dhidi ya Kanisa lililomfundisha. Na inkwano, yaani mahari, inapopandishwa mpaka kijana hawezi, wawili hao huishia kukaa pamoja kimyakimya. Mwaka 2017 serikali iliwaamuru wote wanaoishi hivyo wahalalishe ndoa zao kabla ya tarehe 31 Desemba, na watu wakafungishwa ndoa kwa makundi kwenye komine. Wengi walisema vijana wameacha maadili. Ni wachache waliowauliza wazazi walichokuwa wamedai.

Kosa la upande wa watoto nalo lipo, na ni la kidini zaidi, ndiyo maana linanisumbua. Uamsho wa walokole uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika Buhiga, Matana na Ibuye, ukawapa Warundi wengi maisha mapya kweli. Watu waliungama wizi wakarudisha mali, waume wakaacha kupiga wake. Mlokole aliacha pombe pia, na katika nchi ambayo baba na mwana hukaa pamoja wakinywa impeke, ile pombe ya mtama, kwa mirija kutoka chungu kimoja, kukataa chungu ni kukataa kikao. Wazee waliumia. Wapo walokole waliojua kukaa kwenye kikao hicho na kikombe cha maji, wakasikiliza hadithi za baba mpaka mwisho. Wapo pia walioanza kumwona baba kama mpagani wa kukwepwa. Mtindo huo wa pili umeongezeka tangu makanisa mapya yaenee mijini. Kijana anatoa zaka, anatoa sadaka ya nadhiri, anafunga siku 3, anakesha katika maombi, na mama yake mjane kijijini hajapata sabuni. Ukimwuliza, anasema Mungu kwanza.

Jibu lake Yesu amekwisha kulitoa, katika sura ya 7 ya Marko. Aliwakuta walimu waliomruhusu mtu kuitangaza mali yake kuwa korbani, wakfu kwa Mungu, ili asiwape wazazi wake chochote. Aliwaambia wazi kwamba kwa desturi hiyo wanalitangua neno la Mungu. Yesu huyu ndiye yule aliyekawia hekaluni siku 3 bila kuaga, na hakukubali hekalu litumike kama mahali pa kumkimbia mama. Mchungaji anayepokea sadaka ya kijana huyo ana wajibu wa kumwuliza mama anakula nini. Sioni namna ya kuukwepa wajibu huo.

Nimeacha mwisho jambo ambalo naliona kuwa kipimo cha familia ya Kikristo ya Burundi katika miaka hii, nalo linawahusu mabinti. Nchi haina sheria iliyoandikwa ya urithi. Desturi inampa mwana itongo. Binti hupata, kama atapata, igiseke, kipande kidogo cha kutumia ambacho hawezi kukiita chake. Anapofiwa na mume au kuachwa, anarudi kwa kaka zake kama mgeni. Mabinti hawa ndio waliowauguza wazazi wao, mara nyingi kuliko wana. Ndio wanaokwenda Mugera kwa miguu kuwaombea. Wanatii, kisha wanaambiwa kwamba kudai ardhi ni kukosa utii kwa baba na kwa mila.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, mabinti 5 wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, baba yao akiwa amekufa bila mtoto wa kiume, wakaomba wapewe milki kati ya ndugu za baba yao, ili jina la baba yao lisipotee. Walidai kwa sauti, hadharani, kwa ajili ya baba. Musa hakuwakemea. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akajibu kwamba wamesema haki. Baba wa Muyinga aliye hai leo hahitaji kungoja bunge. Anaweza kuwaita wanawe na mabinti zake pamoja, pamoja na wazee wa mlima kama mashahidi, akapima itongo mbele yao wote.